YAH: Mmepaka rangi juu ya ukuta mbichi, njooni mrekebishe au mnirudishie hela yangu

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa huku mlimani, Moshono ya Arusha upande wa juu, mlinikaushia nyumba baada ya zile mvua za Aprili kuingia ndani. Nimeshapiga simu mpaka dada yenu wa mapokezi anaijua sauti yangu kabla sijajitambulisha, na kila nikipiga ni supavaiza yuko saiti, supavaiza yuko njiani, supavaiza atakupigia mama. Hajapiga. Kwa hiyo nimeona niandike yote na nakala nibaki nayo, maana maneno ya simu hayana ushahidi.

Kwotesheni yenu ninayo hapa mezani. Imeandikwa kukausha vyumba viwili vya nyuma, korido na jiko, kuziba chanzo cha maji, kutibu fangasi, kubadilisha siling bodi zilizoharibika, kurudishia lipu na rangi. Jumla 2,400,000, na mkataka advansi ya asilimia 60 kabla hamjashusha hata ndoo kwenye gari, nikatoa. Iliyobaki nikamalizia siku mnaondoka, sababu ukuta ulikuwa unang'aa mweupe na mimi nilitaka mama yangu arudi chumbani kwake, alikuwa analala sebuleni kwenye kochi na ana pumu.

Sasa twende kwenye hiyo "kuziba chanzo". Supavaiza wenu alivyofika siku ya kwanza alicheka, akaniuliza mama nyie si mko juu kabisa, mafuriko yanawafikiaje, si yanawashukia wenzenu wa bondeni? Nikamzungusha nyuma ya nyumba nikamwonyesha. Kiwanja chetu kimekatwa kwenye mteremko kama viwanja vyote vya huku, yani mbele nyumba iko wazi lakini ukuta wa nyuma umeegemea udongo wa mlima karibu mpaka usawa wa dirisha. Juu yetu kuna barabara ya vumbi haina mtaro, juu ya barabara kuna nyumba nyingine yenye mabati makubwa ambayo gata zake zinamwaga tu chini. Masika huku ni Machi mpaka Mei na Aprili ndo inamwaga kweli, maji yote hayo yanaingia ardhini pole pole, yanashuka na mteremko yakiwa chini ya udongo, yakikuta ukuta wangu yanasimama. Yakisimama yanasukuma. Yanatafuta pale ukuta unapokutana na sakafu, yanaingilia hapo hapo, na ndo maana hata siku ambayo haijanyesha chumba kilikuwa kinatoa maji kwenye skatingi. Hakuna bomba lililopasuka, fundi wa maji alishakuja akafunga koki ya kwenye mita na maji yakaendelea kutoka vile vile.

Alielewa. Alisema mwenyewe kwa mdomo wake, hapa dawa ni kuchimba nyuma mpaka chini ya msingi, kupaka lami ukuta kwa nje, kuweka bomba lenye matundu na kokoto, maji yapate njia ya kutokea pembeni. Mimi nikajua hiyo ndo "kuziba chanzo". Kumbe mlichofanya ni kumpa kijana ndoo ya simenti iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, akasiliba kwa ndani futi kama mbili kutoka chini. Kwa ndani! Maji yanasukuma kutoka nje nyie mnaziba upande yanapotokea, matokeo yake yamepanda juu ya hicho kiraka chenu na sasa unyevu uko usawa wa kiuno ambapo mwanzo ulikuwa magotini. Nyuma hakuna jembe lililogusa, majani yako vile vile.

Kuhusu kukausha ndo nimechoka kabisa. Mlileta feni mbili na mashine moja ya kukausha hewa, ile yenye kindoo cha kukusanya maji. Mashine ile, na hili limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni kwake kwa picha hata asiyesoma anaelewa, inafanya kazi chumba kikiwa kimefungwa. Vijana wenu waliiwasha madirisha yote yako wazi na mlango wa nyuma uko wazi eti hewa izunguke. Arusha hii, mwezi wa tano, ukungu wa Meru umeshuka mpaka kwenye migomba, jua hatulioni, nguo za kufua zinakaa kwenye kamba mpaka zinanuka, na nyie mnafungua dirisha ili kukausha ukuta. Mlikuwa mnakausha hewa ya Mlima Meru mzima kwa umeme wangu wa LUKU. Jioni wanaondoka wote, kindoo kikijaa usiku mashine inajizima yenyewe, asubuhi wakija wanaikuta imelala. Niliwaambia wanifundishe niwe nakimwaga mimi, nikajibiwa usijali mama hiyo ni kazi yetu.

Mita ya kupima unyevu sijaiona hata siku moja. Niliuliza, nikaambiwa iko kwa timu ya Moshi. Fundi alipima kwa kidole gumba, anaukandamiza ukuta, anaangalia kidole, anasema tayari. Bloku za inchi sita zilizokaa na maji wiki na wiki utajuaje ndani pakoje kwa kidole? Nje panakauka kwanza, hata mtoto anajua, ndani bado ni mbichi. Hata lipu mpya tu ambayo haijawahi kuona mafuriko mafundi wanaiacha karibu mwezi ndo wapake rangi. Nyie mmepiga lipu Jumatano, Jumamosi rangi. Na mmepaka rangi ya mafuta eti inafutika vizuri, rangi ambayo haipitishi hewa, kwa hiyo maji yaliyobaki ukutani yamefungiwa humo humo.

Kijana wenu mmoja, jina lake silitaji na naomba msianze kumtafuta, aliniambia pembeni wakati nampa chai kwamba mama huu ukuta bado, ila bosi kasema tumalize Jumamosi kuna saiti nyingine Njiro inasubiri. Huyo ndo mtu pekee kwenye kampuni yenu aliyeniambia ukweli na hana cheo.

Haukupita muda rangi ikaanza kuvimba malengelenge. Nimechukua sindano ya kushonea nikatoboa lengelenge moja karibu na soketi, maji yakatiririka ukutani mpaka kwenye skatingi, yana rangi kama chai ya rangi. Picha na video nimewatumia wasapu, tiki mbili za bluu, kimya. Baadaye supavaiza akajibu sauti ya sekunde chache, "dada usiwe na presha, huo ni mvuke wa kupikia na wa kuogea, fungua madirisha". Sawa. Basi nikafanya kitu ambacho mzee mmoja fundi mstaafu jirani yangu alinielekeza. Nilikata kipande cha nailoni safi, kama ukubwa wa daftari, nikakausha ukuta kwa kitambaa, nikabandika kile kipande kwa selotepu pande zote nne kisipitishe hewa, nikalala. Ingekuwa ni mvuke wa jikoni matone yangekaa nje ya nailoni, upande wa chumbani. Asubuhi nje pakavu kabisa, unapapasa hamna kitu, matone yamejaa ndani, kati ya nailoni na ukuta. Maji yanatoka ukutani. Nikarudia ukuta wa mbele ambao haujaegemea udongo, pakavu ndani nje. Video ya hiyo pia mnayo.

Fangasi sasa. Ukungu mweusi umerudi nyuma ya kabati la mama na kwenye kona za juu. Unyevu ukikaa siku moja mbili tu fangasi wanaanza kuota, ndo maana kazi yenu inatakiwa iwe ya haraka mwanzoni na ya subira mwishoni, nyie mkafanya kinyume, mlichelewa kuanza mkaharakisha kumaliza. Na "kutibu" kwenu ilikuwa kunyunyiza jiki kwenye ukuta mbichi kisha kupaka rangi juu. Mama amerudi kwenye kochi. Usiku anakohoa mpaka na mimi naamka nakaa naye, inhela ambayo ilikuwa inamtosha muda mrefu sasa inaisha haraka, na hiyo hela nayo natoa mimi.

Siling bodi mlibadilisha moja, ile iliyokuwa imeshuka tumbo ambayo hata kipofu angeiona. Nyingine zilizoloa mmepaka rangi nyeupe juu ya madoa na madoa ya kahawia yamerudi yote kama yalivyokuwa. Kabati za jikoni za MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, mlisema zitakauka zirudi sawa, mkanitoza na kuzihamisha na kuzirudisha. MDF ikishavimba haikauki ikarudi, inabaki imevimba, milango haifungi. Mngesema tu mama hizi zimekufa ningewaelewa.

Umeme ndo umenitisha zaidi na nashangaa mnavyoliona dogo. Soketi ya chini kwenye chumba cha nyuma ilikuwa inatoa maji yenye kutu, fundi wenu akaziba kwa selotepu nyeusi akachomeka feni kwenye soketi ya pili ya ukuta ule ule. Breka ikawa inakata, mmoja wao akawa anaenda kuirudisha tu, inakata anairudisha. Breka inakata kwa sababu! Nimemleta fundi umeme wa mtaani baada ya nyie kuondoka, akafungua, bomba la waya ndani ya ukuta limejaa maji, akakata laini yote ya upande ule na mpaka leo vyumba vya nyuma tunatumia taa ya kuchaji. Hiyo kazi imeniingizia gharama na ankara yake nimeiambatanisha hapa.

Na si mimi peke yangu. Mlivyokuja huku mlipita nyumba kwa nyumba na vipeperushi mkisema mnajua nyumba za mlimani. Baba wa nyumba ya kona mmemfanyia hivyo hivyo na tailizi zake sasa ukizigonga zinalia tupu, zimeachia chini. Dada wa nyumba ya chini yangu yeye hata hamkumkausha, mlimshauri atoboe ukuta wa mawe unaozuia udongo ili maji yatoke, yakatoka kweli, yakaingia jikoni kwa jirani wa chini yake, sasa hawaongei. Kwenye grupu letu la mtaa kila mtu anauliza nani aliwaleta hawa watu.

Halafu risiti. Nimelipa milioni mbili na laki nne nikapewa karatasi ya mkono yenye sahihi isiyosomeka. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, naambiwa mbovu. TRA, watu wa kodi, kila siku wanaimba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, basi mimi nadai.

Ninachotaka ni hiki. Mje na mita ya unyevu, mpime kila ukuta mbele yangu na mzee yule fundi, namba ziandikwe kwenye karatasi na muisaini. Rangi na lipu ya ukuta wa nyuma ibanduliwe mpaka kwenye bloku, iachwe ikauke chumba kimefungwa na mashine inafanya kazi usiku na mchana, na umeme wake mnalipia nyie. Nyuma mchimbe kama supavaiza alivyosema mwenyewe. Hakuna kupaka rangi mpaka namba za ukuta wa nyuma zikaribiane na za ukuta wa mbele ambao ni mkavu, sitaki tena habari za kidole. Siling bodi zilizobaki mbadilishe. Kama mnaona hiyo kazi hamuiwezi semeni tu, mnirudishie hela ya kuziba chanzo, kukausha, fangasi, lipu na rangi, pamoja na ya fundi umeme, nitafute watu wengine kabla vuli haijaanza Oktoba. Hela ya siling bodi moja mliyobadilisha ni haki yenu, siidai.

Nawapa wiki mbili kuanzia siku mnayopokea barua hii, na nataka majibu ya maandishi, simu sihesabu. Zikipita napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, kwotesheni, picha, video na hii karatasi yenu ya mkono vyote vimeshapangwa kwenye faili, na suala la EFD litaenda kwa wenyewe TRA. Baba wa kona na dada wa chini wameniambia wataongeza na za kwao.

Wenu,
Mteja, Moshono juu

N.B. Ngazi yenu ya aluminiamu na zile feni mbili bado ziko kwangu stoo. Ziko salama, mtazichukua siku mkija kumaliza kazi. Msimtume bodaboda kuzifuata, geti hatafunguliwa.