Mshororo unakuja wenyewe, vina vinaufukuza

Ndugu mshauri,

Salamu. Nakuandikia kwa niaba ya watunzi wachache wa hapa Tanga tunaosomeana mashairi kila Ijumaa. Shida yetu si kukosa mawazo. Mawazo yanakuja, ila hayafiki mwisho wa shairi yakiwa hai, nasi tunahitaji ushauri wa mtu aliyelitazama jambo hili kwa makini.

Mshororo wa kwanza, yaani mstari wa kwanza wa shairi, humjia mtu akiwa na shughuli nyingine: anapara samaki, anafua, anasubiri daladala. Mara nyingi unakuja na mizani yake kamili, yaani hesabu ya silabi, maana sikio lililolelewa na mashairi limeshazoea nane kwa nane. Namna ya kuunasa tunaijua. Hatuuandiki kwenye simu, kwa sababu vidole huandika maana peke yake, na usiku ukiusoma mahadhi yameshatoka. Tunaurekodi kwa sauti, ukighanwa vilevile ulivyokuja, hata kama kipande cha pili bado ni mguno tu. Mguno wenye mizani 8 una faida kuliko maneno mazuri yenye 11, kwa kuwa unatunza nafasi ya neno ambalo halijafika.

Mambo huharibika tunapokaa kitako kukamilisha. Chukua huu: “Bahari imetulia, jahazi halina tanga.” Ukwapi, yaani kipande cha kwanza, mizani 8; utao, kipande cha pili, mizani 8; kina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, cha kati ni -lia, cha mwisho -nga. Mtunzi akitaka tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ya beti 8 kwa mtiririko, yaani vina visibadilike tangu mwanzo, na mshororo wa nne uwe kibwagizo kinachorudiwa, anahitaji maneno 24 ya -nga kwa ile mishororo mitatu ya juu, na 24 ya -lia. Ya -lia hayasumbui, vitenzi vinayazaa bila kuchoka: angalia, kimbilia, shikilia. Ya -nga ndiyo mtihani. Basi anaorodhesha pembeni: nanga, janga, kinga, panga, mganga, changa. Orodha ikishakaa mbele yake, yenyewe ndiyo inayotunga. Shairi lililokuja kusema habari za wavuvi waliokosa upepo, kufika ubeti wa tatu liko kwa mganga, na halina lililolipeleka huko isipokuwa kina. Ubeti wa tano panga limechomolewa. Vina vimetimia, mizani haina kasoro, na lile lililomshtua mtu pale mwanzo halimo tena.

Anayeikataa orodha hukimbilia inkisari na mazida, yaani kufupisha au kurefusha neno ili mizani itoshe: “ameketi” inageuka “meketi”, “nenda” inageuka “enenda”. Ni haki ya mshairi, tena ina utamu wake. Ikijirudia kila mshororo, msikilizaji anaacha kusikiliza habari, anabaki kusikia nyundo ya fundi.

Ukaraguni unapunguza mzigo, kwa sababu kila ubeti una vina vyake na unadai maneno matatu matatu tu. Wazee wetu wanauona kama njia ya mkato. Mimi sikubaliani nao, ingawa nakiri kwamba beti hulegea, kila mmoja ukawa kama shairi jipya. Wengine huanza na kibwagizo, na hilo linasaidia kujua shairi linaelekea wapi, ila wakichukua methali iliyozoeleka kuwa kibwagizo, msikilizaji ameshafika mwisho kabla hujamaliza ubeti wa kwanza.

Kuna jambo moja nalifikiria sana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 hivi, alitunga mashairi mengi kwa kuyajibu mambo ya siku zile, mvutano wa mji wake na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, ukiwemo, na kwa kujibizana na washairi wenzake. Anayejibu amepewa jambo na mwenzake, na bado hajui mwenzake atarudi na lipi. Sisi kila mmoja anajifungia na mshororo wake hadi unamnyaukia.

Kwa hiyo tunauliza mambo matatu. Je, ni bora kuandika habari yote kwa nathari, lugha ya kawaida isiyo na vina, kwanza, ndipo vina vichaguliwe? Tunahofia nathari itaeleza kupita kiasi. Je, mshororo ulionaswa uachwe kwa muda gani kabla ya kushikwa tena, na mtu ajuaje kwamba umeiva, haujapoa? La tatu ndilo linalonigusa zaidi: tukiamua kila Ijumaa mtu atoe mshororo wake mmoja ambao haujakamilika na mwenzake autungie ubeti wa jibu, vina vichaguliwe na nani, mwenye mshororo au mjibuji? Akichagua mwenye mshororo, anamfungia mwenzake mlango. Akichagua mjibuji, huenda mwenye mshororo asilitambue tena lililomjia.

Wako katika utunzi,
Msomaji, Tanga