Utabiri wa ukame usomwe kama taarifa ya usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu usalama wa taifa. Serikali nyingi bado humpima adui kwa silaha zake. Habari za ukame, mafuriko na tufani huachiwa wizara ya mazingira, ambayo mara nyingi haina sauti wala fungu la maana. Mabadiliko ya tabianchi yanazidi kuyapa majanga haya nguvu, na kuendelea hivi ni hatari.

Tuitazame Pakistan ya mwaka 1970. Novemba ile tufani ya Bhola iliipiga Pakistan ya Mashariki ikaua watu wasiopungua 300,000. Serikali, yenye makao yake upande wa magharibi, ilichelewa kuwafikia manusura, na hasira ikapanda. Mwezi uliofuata wapiga kura wa mashariki walikipa chama cha Awami League karibu viti vyote vya upande wao, vilivyotosha kukipa wingi katika bunge la nchi nzima. Watawala hawakukubali kukabidhi madaraka, vita vikazuka Machi 1971, na kabla ya mwaka kwisha Bangladesh ilikuwa imezaliwa. Sisemi tufani pekee ndiyo iliyoigawa nchi ile, maana malalamiko ya lugha, uchumi na madaraka yalikuwapo tangu zamani. Lakini ilitonesha kidonda, na dola ikashindwa mbele ya macho ya wananchi wake.

Somalia nayo inaniuma zaidi, kwa sababu onyo lilikuwapo. Tangu Agosti 2010 wataalamu wa FEWS NET, mtandao wa kimataifa wa kutoa onyo la mapema kuhusu njaa, walikuwa wakitahadharisha. Njaa ilitangazwa rasmi Julai 2011, karibu mwaka mzima baadaye, tena katika nchi yenye vita ambako al-Shabaab walikuwa wamefukuza mashirika mengi ya misaada. Watu wapatao 260,000 walikufa, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Taarifa ya kijasusi ikitaja mauaji ya kiasi hicho, ingelala kabatini miezi yote hiyo?

Wapo wanaohofia kwamba tukiliita jambo hili la usalama, tutawakabidhi wanajeshi kazi isiyo yao. Hofu hiyo ina msingi. Mfugaji anayehamisha ng'ombe kufuata maji asije akaandikwa adui wa taifa. Ninachotaka ni mtaalamu wa hali ya hewa apewe kiti katika baraza la usalama la nchi, aulizwe mapema: malisho yatakauka wapi, mifugo itahamia kwenye ardhi ya nani, na maji yapelekwe wapi kabla watu hawajashikiana mapanga?

Kujiandaa kunaokoa. Bangladesh iliyotokana na msiba ule ilijenga majengo ya kukimbilia na kuwafunza watu wa kujitolea kupeleka onyo hadi vijijini. Tufani kali ya Sidr ilipofika mwaka 2007 iliua watu zaidi ya 3,000. Ni vifo vingi mno, lakini si mamia ya maelfu ya mwaka 1970.

Kwa hiyo nawaomba wabunge watunge sheria ya kufungua fedha za dharura siku ileile utabiri unapofikia kiwango kilichokubaliwa, bila kusubiri mizoga ionekane kwenye televisheni.

Msomaji wako