Barua kwa Somo Yangu: Asubuhi Niliyogawa Maji

Ilazo, Dodoma
14 Septemba

Kwako somo yangu,

Assalaam alaykum. Najua utashangaa kuona bahasha. Ni zaidi ya mwaka sijakupigia. Simu zako za Ramadhani nilizitazama zikiita mpaka zikakatika, na ujumbe wako wa Idi niliusoma nikaufunga. Sikuwa na ugomvi nawe, wala na mtu mwingine yeyote. Kila nikishika simu nilijua nitaishia kulia, nawe una watoto na duka la kuhangaikia. Niwie radhi. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye karatasi naweza kutulia nikapanga maneno, na leo ninayo mengi. Moja kati yake ni ombi linalomhusu binti yetu, ila ombi hilo huwezi kulielewa mpaka nikueleze yaliyonipata Julai.

Kwanza nirudi nyuma. Alipofariki mama mdogo ulikuja msibani kwetu Ngamiani, Tanga, ukapika nasi, ukakaa mpaka khitma. Lakini kuna jambo sikulisema mbele za watu. Mama mdogo, Allah amrehemu, aliniambia. Miaka miwili kabla ya kugundulika alinipigia simu akaniambia ameona damu, na hedhi yake ilikwisha zamani. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya. Mimi nilikuwa njiani kuingia kazini, nikamjibu, "Mama, hayo ni mambo ya utu uzima, yatapita." Basi. Naye hakunitajia tena. Alikwenda zahanati moja, wakampa dawa za UTI, akarudi wakampa tena, na mara ya tatu wakambadilishia rangi ya vidonge. Tulipomfikisha Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa hatua ya tatu.

Zile wiki za mionzi nilikuwa naye Dar es Salaam. Tulikuwa tukitoka Jumatatu mpaka Ijumaa, tunapanga foleni, akishatoka tunakaa nje kidogo, kwa sababu pale mbele ni bahari. Ile hospitali Wajerumani waliijenga miaka ya 1890 wakiielekeza baharini, na mama mdogo alipenda kutazama meli zinazongoja kuingia bandarini. "Hewa hii ni ya kwetu," alikuwa akisema, kama vile tupo Raskazone, ufukweni Tanga. Siku moja nilitaka kumwomba msamaha kwa ile simu. Sikuweza. Nikamnunulia dafu.

Baada ya kumzika nikarudi Dodoma, na hapo ndipo nilipopotea. Nilipanda basi la Mtumba asubuhi, nikafanya kazi yangu, nikarudi jioni, nikala nilichokuta, nikalala. Sanduku lake nililopewa na wajomba nililisukuma chini ya kitanda bila kulifungua. Watu walikuwa wema kwangu, lakini kila aliyekutana nami alinitazama usoni kwanza kuona kama nimepoa. Hata muuza nyanya. Nami nikajifunza kutoka nyumbani nyakati ambazo sitakutana na mtu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mwalimu, mwenyeji wa Kongwa. Ndiye aliyenijulisha mlenda, na ndiye kiongozi wa klabu ya jogingi ya mtaa wetu, wale wanaopita Jumamosi alfajiri wakikimbia na kuimba. Katikati ya Julai alinigongea akaniambia kwamba mbio za NBC Dodoma Marathon zimekaribia, na fedha zinazochangwa pale zinasaidia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kushirikiana na Ocean Road. Alipotaja Ocean Road nilitaka kufunga mlango. Akasema, "Dada, sikuombi ukimbie. Nahitaji mikono ya kugawa maji." Nikamjibu nitafikiri. Jumapili ya mbio saa kumi na nusu alfajiri alikuja kunigongea tena, bila kuniuliza nilifikiri nini, ameshika fulana yangu.

Somo, wewe baridi ya Dodoma ya Julai huijui. Sisi wa Tanga huwa tunadhani baridi ni ya Lushoto tu. Huku kuna upepo mkavu wenye vumbi unaopenya mpaka ndani ya masikio, na alfajiri ile ulikuwa mkali kiasi kwamba kitambaa cha meza yetu tulikifunga kwa mawe. Wakimbiaji walikuwa wanakusanyika Uwanja wa Jamhuri, sisi tukapelekwa kituoni kwetu, pembeni ya barabara ya lami, tukakuta katoni za maji zimepangwa kimo cha mtu. Kazi ya kwanza ikawa kulegeza vizibo. Kizibo hukitoi, unakilegeza tu, kwa sababu mtu anayekimbia hana nafasi ya kupambana nacho. Katoni baada ya katoni. Mpaka kunapambazuka ngozi ya kidole gumba ilikuwa imechubuka, na nikagundua kwamba kwa saa nzima sikuwa nimewaza kitu chochote isipokuwa vizibo.

Niliwekwa na msichana anayesomea uuguzi pale Chuo Kikuu cha Dodoma, mdogo, mwembamba, lakini ana amri kama matroni. Walipotokea wakimbiaji wa kwanza nilisimama nimeshika chupa shingoni, kama ninayemkaribisha mgeni sebuleni. Kijana wa mbele alipita kama hakanyagi chini, akanyoosha mkono, akaikosa. Wa pili akaigonga ikaanguka. Nilitaka kulia, wallahi. Yule binti akanishika kiwiko. "Shika kwa chini, dada. Nyoosha mkono. Usimtazame usoni, tazama mkono wake. Ukiona ameshika, achia."

Nikatazama mikono. Wa tatu akachukua. Wa nne akachukua. Kisha wakaja kwa makundi, na mimi napaza sauti "Maji! Maji!" kama mchuuzi wa stendi, mkono mmoja unatoa na mwingine unapokea chupa kutoka nyuma. Mikono ya kila aina, somo: ya wakulima, ya wenye saa za bei, ya vijana wa jeshi, ya mama mmoja aliyepaka hina mpaka kwenye vifundo. Hakuna aliyenitazama kuona kama nimepoa. Hakuna aliyejua nimefiwa. Walihitaji maji, nami nilikuwa nayo. Siwezi kukueleza jinsi jambo hilo lilivyonipumzisha. Kwa mwaka mzima kila mtu alikuwa ananipa mimi, pole, uji, dua, na nilikuwa nimechoka kupokea bila kujua nimechoka.

Baadaye wakaja wa nyuma, na hao ni tofauti. Wa mbele wanapita. Wa nyuma wanasimama, wanauliza bado kilomita ngapi, wanakuomba uwadanganye kidogo. Kuna mama alikuja anatembea, viatu mkononi, visigino vimetoka damu. Akakaa juu ya katoni bila kusema lolote. Nilipiga magoti nikammiminia maji miguuni, nikamsafisha vumbi, nikamwekea plasta za yule binti. Ilipofika kuinuka hakuweza. Akanipa mikono yote miwili. Ni mtu mzima mwenye mwili wake, nami unanijua nilivyo. Nikajikaza, nikavuta, akasimama. Akacheka, akaondoka zake na soksi zake, mpaka akapotea kwenye kona. Nikabaki nimesimama barabarani natazama mikono yangu. Nguvu ile sikujua kama bado ipo.

Tulimaliza tukaokota chupa. Wanawake waokotaji walikuja na viroba vyao, tukawasaidia kujaza, kwa sababu wao huziuza kwa kilo na jua lilikuwa limeshapanda. Hapo ndipo yule binti, ameinama anaokota, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa: "Dada, wewe umepima lini?"

Sikuwa na jibu, maana sijawahi kupima. Nimemuuguza mama mdogo kwa ugonjwa huo huo, nimekaa Ocean Road wiki na wiki, nina miaka arobaini na moja, na sikuwahi kwenda kujipima. Nilikuwa naogopa kwamba nikienda nitaambiwa, na nafikiri pia nilijiona sistahili kupona kitu nilichomwacha yeye afe nacho. Hilo la pili nilimwambia yule binti pale pale, mtu nisiyemjua, na kiroba cha chupa begani. Hakunipa pole. Alisema, "Mama yako alikuambia wewe kwa sababu alitaka mtu ajue. Sasa unajua."

Ilinichukua wiki tatu. Nikaenda kliniki siku ya Jumatano, jirani akanisindikiza. Nikueleze kipimo kilivyo, kwa sababu najua na wewe hujaenda. Unalala kitandani, nesi anafungua kwa kile kifaa chao, ni baridi na kinakera lakini hakiumizi. Kisha anapaka siki. Siki hii hii, ila imezimuliwa. Anangoja dakika moja hivi. Penye chembechembe zilizoanza kubadilika panageuka peupe, na kama pakionekana peupe wanaweza kupatibu mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo, kwa joto au kwa baridi kali, kabla haijawa saratani. Nesi alinieleza kwamba kutoka kwenye mabadiliko hayo ya mwanzo mpaka saratani yenyewe huwa ni miaka, mara nyingi kumi na zaidi. Miaka kumi, somo. Nililala pale nikahesabu miaka kumi ya mama mdogo kurudi nyuma: mwaka ule alikuwa anatupikia biriani ya harusi yako.

Kwangu hapakuwa na peupe. Akaniambia nirudi baada ya miaka mitatu. Nilitoka nje nikalia mpaka jirani akaogopa kwamba nimeambiwa vibaya.

Tangu hapo nimebadilika, na sisemi kwamba huzuni imekwisha. Ipo. Lakini naamka. Alfajiri, nikishaswali, natoka na jirani tunatembea, siku nyingine tunakimbia kidogo mpaka kifua kinabana. Kazini nimerudi kula na wenzangu. Na Jumamosi mbili sasa nimekwenda na yule binti na wenzake kuwaita kina mama waje kupimwa. Wao ndio wanaojua kazi. Mimi nakaa kwenye benchi na wale wanaoogopa, nawaeleza ya siki, nawashikia watoto wakiingia ndani. Kuna mmoja wa Nkuhungu aliondoka mara mbili akarudi mara mbili. Mara ya tatu aliingia. Nikirudi nyumbani siku hizo huwa nimechoka kwa uchovu mzuri, ule wa tulipokuwa shule baada ya kumwagilia bustani.

Sasa ombi langu. Kwenye ujumbe wako wa Idi, ule nisioujibu, uliandika kwamba shuleni kwa binti yetu walileta fomu ya chanjo ya HPV na wewe ulikataa, kwa sababu mtaani wanasema inaua kizazi. Somo, nakushika miguu. Chanjo hiyo haifungi kizazi. Inazuia kirusi ambacho ndicho kinacholeta saratani hii, na ndiyo maana wanaitoa mapema, kabla msichana hajakutana nacho. Hapa nchini ilienea mikoa yote 2018, wakianza na wasichana wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa wa miaka 9 mpaka 14, bila malipo. Yeye ana kumi na moja. Kama fomu ya shule imepita, mpeleke mwenyewe kituo cha afya, uulize. Kinachoua kizazi nimekiona kwa macho yangu, kwenye wodi, kwa wanawake wa miaka thelathini walioondolewa mji wa mimba. Mmoja alikuwa hajazaa.

Na wewe mwenyewe nenda. Una umri wangu, hata jina letu ni moja. Usingoje dalili, mama mdogo alipoona dalili ilikuwa imeshakwenda mbali. Ukiogopa, nipigie siku hiyo nikae nawe kwenye simu mpaka uitwe ndani. Safari hii nitapokea.

Jana usiku nimelitoa lile sanduku. Ndani kuna miswala miwili, chupa ya udi, picha yetu mimi na wewe tumevaa sare, na doti moja ya kanga za kisutu hajaikata, bado ina wanga wake wa dukani. Nimeikata. Kipande kimoja utakikuta ndani ya mzigo huu, ukikunje pindo mwenyewe, cherehani yangu mbovu. Cha pili nimebaki nacho, na Desemba nikija Tanga nitakuja nimekivaa. Niwekee papa mkavu, huku samaki wetu ni wa maji baridi tu.

Nisalimie shemeji, na watoto wote, na bibi pale Chumbageni ukimwona.

Ni mimi,
somo yako