Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mikuyu ya Bonde la Lukuledi na Uchavushaji Wake

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka huu. Mapato na matumizi mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitaeleza kwa nini kamati imeipa mikuyu iliyosimama kando ya Mto Lukuledi uzito kuliko vitalu vya miche.

Husemwa kwamba mkuyu hauchanui. Maua yake yapo, tena mengi mno, ila yamefungiwa ndani ya kuyu lenyewe: ukipasua kuyu changa utayakuta yametanda ukuta mzima wa ndani, na nchani utaona kitundu kilichozibwa kwa magamba. Nyigu jike aitwaye Ceratosolen arabicus, mwenye urefu wa milimita chache tu, hujipenyeza hapo kwa nguvu hata mbawa zikakatika. Akishaingia hutaga mayai katika baadhi ya maua, huku akiyapaka chavua aliyokuja nayo katika vifuko vya kifuani, kisha hufia humo humo. Ua lililotagwa hulea nyigu. Lililopata chavua bila yai hutoa mbegu.

Wiki kadhaa baadaye hutangulia kutoka madume, wasio na mbawa, ambao hujamiiana na majike wangali vyumbani mwao na kuwatobolea njia ya kutokea. Maua ya kiume hukomaa wakati huo huo, na majike hujaza vifuko vyao kabla ya kuruka. (Si kila nyigu anayeingia ni wa manufaa, yupo Ceratosolen galili, ambaye hutaga vivyo hivyo lakini hachavushi.)

Ugumu uko hapa. Aghalabu makuyu ya mti mmoja hukomaa kwa pamoja, na jike huishi siku moja au mbili tu, hivyo ni lazima upesi apate mti mwingine wenye makuyu machanga. Upepo humsaidia sana: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikuyu ya jangwa la Namib ulionyesha kwamba chavua huweza kusafirishwa na nyigu hawa zaidi ya kilomita 100. Hata hivyo, safari hiyo haina faida ikiwa huko aendako hakuna mti ulio tayari. Nchini Misri, ambako nyigu huyu hayupo, mikuyu hupandwa kwa vipandikizi, kwa kuwa haitoi mbegu.

Kwa hiyo kubakiza mkuyu mmoja wa kivuli na kukata mingine ili kupanua shamba la ufuta, kwa maoni yangu, si uhifadhi. Tunahitaji miti mingi yenye zamu tofauti za kuzaa, ambayo pia hulisha popo, tumbili na hondohondo mwaka mzima.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili: kila mwanachama aorodheshe mikuyu ya shambani mwake pamoja na miezi inayozaa, na wenye mikorosho jirani na mto wasipulize dawa za wadudu siku ambazo upepo unaelekea kwenye mikuyu.