Asante, mzee wa ramani

Gundi ilikuwa tayari mkononi, niibandike ramani ya kale ya Afrika kwenye ubao maana mikunjo ilishaanza kuchanika. Mzee mmoja akanizuia: "Mwanangu, hebu ngoja." Akaiinua kwenye mwanga, kisha akanipitisha kidole pembezoni palipobonyea, ndipo bamba la shaba la kuchapia ramani lilipokandamizwa. Rangi ya kijani, akasema, mara nyingi ilitokana na shaba, nayo huila karatasi. Akanionyesha na Milima ya Kong, safu isiyowahi kuwepo, iliyoanzia kwenye ramani ya 1798 ya James Rennell, mchora ramani Mwingereza, na kunakiliwa karibu karne nzima. Nilicheka sana! Akaihifadhi ramani kati ya karatasi zisizo na asidi, akaenda zake bila kutaja jina. Nakushukuru, mzee wangu. Nanyi wenye ramani za zamani, gundi iwekeni mbali.