Barua kwa mwanangu: kiti cha pili kina mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaikum. Baada ya salamu, sisi hapa Chake, Pemba, hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua uvimbe, na yule mbuzi mweupe kazaa pacha. Maneno yako uliyotuma kwa simu nimeyasikiliza mara tatu. Mara ya tatu mama yako alikuwa ubavuni kwangu, akacheka mpaka machozi. Ulisema: "Baba, una wajukuu saba, unanunua gari ya viti viwili, tena haina paa!" Nakuandikia kwa sababu ukiwa kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Paa inayo. Ni la turubai, linakunjwa likalala nyuma ya viti. Na deni hakuna. Nimetoa milioni 7. Zaidi ya nusu ni karafuu za msimu uliopita, zilizobaki ni wale ng'ombe wawili uliokuwa ukiniambia kila siku niwauze nipumzike. Basi nimewauza, napumzika.

Nilivuka Unguja kwa harusi ya binamu yako, nikaiona Fuoni, chini ya mwembe, imefunikwa. Mwenyewe aliiagiza alipokuwa kijana, sasa mgongo unamsumbua: kuingia anaweza, kutoka ndiyo kazi. Ni Mazda ya mwaka 1991. Huko kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, nchi nyingi nyingine wanaijua kwa jina la MX-5. Usukani uko kulia, kama tunavyotaka sisi. Alipoivua lile funiko nikaona kitu chekundu, kifupi, kimejibana chini kama paka anayevizia panya. Nilijua palepale kwamba nimekwisha, lakini uso sikuuonesha. Miaka 31 ya kununua spea za gari ya abiria imenifundisha hilo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo watu wanapoliwa. Gari hizi haziuliwi na injini. Injini ni ya kawaida, silinda nne, sisii 1,600. Ukiibadilishia oili kwa wakati, na ule mkanda wake wa ndani kila kilomita 100,000, itakuzika. Kinachoziua ni maji. Mvua inayoteremka juu ya turubai ina vitundu vya kutokea, kimoja kila upande nyuma ya viti, na mirija ya kuishusha mpaka chini ya gari. Majani yakiviziba vile vitundu, maji yanaingia mbavuni, pale chini ya mlango, na bati linaoza kwa ndani huku rangi ya nje inakutizama kama biharusi. Na hii ilikuwa chini ya mwembe! Nikapiga magoti, nikaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka mlangoni kwenda tairi la nyuma. Ti, ti, ti. Halafu: pu. Upande wa kushoto, mbele kidogo ya tairi, palikuwa pameoza kiasi cha kiganja. Nikatia waya kwenye kitundu, nikatoa uji mweusi wa majani, nikamwekea mwenye gari juu ya gazeti lake alitizame. Kiganja kile kimoja kilinipunguzia laki nane.

Mengine yalikuwa madogo. Zulia lilinuka ukungu. Kioo cha nyuma, ambacho si kioo bali ni plastiki, kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Fundi wa makochi hapa Machomanne kanishonea turubai jipya pamoja na plastiki yake. Ila ujue, kabla ya kukunja paa lazima ufungue zipu ya ile plastiki uilaze kwanza, ama sivyo inajikunja na kupasuka. Kazi hiyo ni ya mama yako, mimi hanigusishi. Ati nina haraka. Na fundi wetu wa umeme alitafuta betri chini ya boneti robo saa nzima. Nilimwacha atafute. Iko kwenye buti.

Uliuliza kwa nini nisinunue kitu cha maana, pikapu kwa mfano. Mwanangu, pikapu ni kazi, na kazi nimeshaifanya. Zamani gari ndogo za wazi zilikuwa za Waingereza: MG, Triumph, Lotus. Tamu kuziendesha, lakini zikivuja oili, na umeme wake ukilala njiani. Kufika miaka ya 80 zilikuwa karibu zimekwisha. Mjapani akaichukua ile ladha, akaitilia injini inayowaka kila asubuhi, akaipeleka Chicago kwenye maonesho ya magari Februari 1989. Kufika mwaka 2016 walikuwa wameshatengeneza milioni moja. Waliounda hii wana msemo wao wa Kijapani, jinba ittai, maana yake mpandaji na farasi kuwa kitu kimoja. Sisi farasi hatukufuga, lakini babu yako alikuwa mtu wa ngalawa, na akisema kwamba mkono ulioshika demani, ile kamba ya tanga, unaujua upepo kabla ya uso. Ndivyo gari hii ilivyo. Haifiki tani moja. Injini iko mbele, nguvu zinakwenda matairi ya nyuma, na wewe umekaa katikati ya uzito wote, makalio karibu na lami. Ile gari yangu ya abiria kutia gia kulikuwa kama kukoroga bokoboko la watu mia. Hii ni kifundo cha mkono tu, tak, imeingia. Siku ya kwanza nilitia kwa nguvu za mazoea nikajigonga goti.

Na sasa nifike kwa mama yako, maana kwenye maneno yako yote ya simu hukumtaja.

Unaikumbuka gari yetu ya Chake na Konde. Mabenchi ya mbao, pembeni wazi, mizigo juu. Wewe ulikuwa mdogo, ukipakatwa na konda. Mama yako alikuwa akikaa wapi? Kiti cha mbele kilikuwa na nauli yake, na mara nyingi nauli zaidi, maana wenye kanzu nzuri walikitaka. Akikaa yeye, hesabu ya siku imepungua. Kwa hiyo akitaka kwenda kwao alipanda nyuma, baina ya mikungu ya ndizi na vikapu vya dagaa, na mimi namwona kwa kioo. Miaka 31 mke wangu nimemtizama kwa kioo. Mara moja tu aliwahi kuniuliza, tukiwa kituoni, kama mbele pana nafasi. Nikamwambia kesho. Hakuuliza tena, na mimi nikasahau. Gari hii ndiyo iliyonikumbusha, pale Fuoni, nilipochungulia ndani nikaona viti viwili, basi.

Tuliitoa mara ya kwanza Ijumaa moja baada ya Alasiri. Jua la saa saba usijaribu, linakupika ubongo. Mama yako alikuja na mtandio umebanwa kwa pini nne, na pochi mapajani, kama anakwenda kupiga picha ya pasi. Kutoka Gombani alinyamaza. Kasi ilikuwa 50, lakini ukiwa chini vile, huku miti inakupita sikioni, 50 unaiona 90. Akasema, "Taratibu." Nikapunguza. Tulipomaliza kilima cha pili akasema, "Kwani ndiyo imeishia hapo?"

Ulikuwa msimu. Unajua mambo ya huku msimu ukifika: kando ya barabara kote majamvi, karafuu zimeanikwa, nyingine bado za kijani, nyingine zimeshaanza kuwa kahawia, na mafungu ya makonyo, vile vijiti vyake, pembeni. Njia hiyo nimeipita labda mara elfu ishirini, na sikuwahi kuisikia harufu yake namna ile. Pale mbele nilikuwa nikinusa dizeli na breki. Tulipofika Ole mama yako alifumba macho, nikadhani amelala. "Kumbe huku mbele kunanukia," alisema. Nikajifanya natizama kioo, na nyuma hapakuwa na mtu wa kumtizama.

Karibu na Konde mvua ikatushika, ile ya Pemba isiyobisha hodi. Nikasimama chini ya mkarafuu, nikalivuta turubai, komeo mbili juu ya kioo cha mbele, kila mtu na yake. Nusu dakika. Tulilowa kidogo, na mtandio wake ulinuka karafuu siku mbili. Tulikaa humo mpaka ilipokatika, tumebanana, madirisha yana mvuke, tukala visheti alivyoficha kwenye pochi.

Malalamiko yako mengine ni ya haki. Matuta ya barabarani yananitesa. Nayapanda mshazari, tairi moja moja, na waendesha bodaboda wananicheka. Kwenye buti hapaingii gunia la mpunga. Wajukuu wote saba hawaenei, ni kweli, wanapanga foleni, mmoja mmoja mpaka Gombani na kurudi, na tayari kuna mkubwa anayeuza zamu yake kwa shilingi mia mbili. Wazee wa barazani wanasema nimerudi utotoni. Wawili kati yao wameshaniomba niwatembeze usiku, wasionekane.

Na lipo jambo la taa. Taa zake za mbele zinajificha ndani ya boneti, ukiziwasha zinainuka. Watoto wa mtaa wanaita "fumbua!" kila nipitapo. Sasa mota ya kulia imekufa, inafumbua jicho moja tu, nao wameshaipa jina: Chongo. Usiku nainyanyua kwa mkono, kuna kifundo chini ya boneti unakizungusha mpaka taa isimame, kisha inabaki hivyo. Nimeulizia Unguja, sikupata. Huko Muscat magari ya kila aina yapo, nitafutie mota ya upande wa kulia, ya gari ya kabla ya 1998, kwa sababu zilizofuata taa zake haziinuki. Picha nakutumia.

Ukija mwezi wa Shaaban nitakupa ufunguo uendeshe mwenyewe mpaka Mkoani. Lakini kiti cha abiria usinizungumzie mimi, kamwombe mama yako. Juzi shangazi yako alitaka kupelekwa Wete, akaambiwa kesho.

Baba yako