Huyo Et Al si mtu: barua kwa mwanangu aliye Kampala

Bukavu, Kadutu

Mwanangu Nsimire,

Picha za kazi yako nilizipata jana usiku, umeme uliporudi. Nimeona mwalimu alivyozungushia kile kifupisho cha Kilatini, "i.e.", wino mwekundu mara tatu bila kusema kosa ni nini. Na swali lako limenichekesha hata mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini: huyu Et Al ni nani, mbona ameandika vitabu na kila mtu? Mwanangu, huyo si mtu. Nitamfikia. Acha nianze na hiyo i.e., kwa sababu iliwahi kunilia mshahara.

Nilikuwa ninatunza depo ya shirika moja la misaada, na wakubwa wetu walikuwa watu wa Kiingereza. Siku moja ikaja karatasi: tupeleke kijijini vifaa vya kuezekea madarasa, "e.g. mabati na misumari". Sisi tuliosomea Kifaransa tunaandika "p. ex." kwa "kwa mfano" na "c.-à-d." kwa "yaani"; hizo herufi zao hakuna aliyetufundisha. Nikajisemea hii ni "yaani". Nikapakia kamiyo, lile lori letu, mabati na misumari, ubao hata mmoja sikuweka. Kesho yake mafundi wananipigia simu, mvua inawanyeshea, wananiuliza misumari waipigilie wapi, hewani? Safari ya pili ya kamiyo ilikatwa kwangu. Ulikuwa mdogo, lakini labda unakumbuka ule mwezi tuliokula sombe, majani ya muhogo, kila siku.

Basi e.g. ni exempli gratia, "kwa ajili ya mfano". Ndiyo k.m. yetu. Na i.e. ni id est, "hiyo ni", yaani. Ya kwanza inaonja, ya pili inafafanua. Ukiandika "samaki wa ziwa Kivu, e.g. sambaza", umetaja mmoja na wengine wamebaki majini. Ukiandika "wale samaki wadogo wanaoanikwa juani sokoni, i.e. sambaza", umesema ni hao hao, hakuna wengine. Nimesoma sentensi zako tatu: zote ulikuwa unatoa mfano. Ukisita tena, isome sentensi kwa Kiswahili ndani ya kichwa, uweke "yaani", kisha uweke "kwa mfano". Sikio litakataa moja. Tena ukishaweka e.g., usimalizie orodha kwa etc.; umekwisha kusema ni mifano tu.

Sasa Et Al. Babu yako alihudumia misa akiwa mtoto, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wakati padri alisoma kwa Kilatini huku amewapa waumini mgongo. Padri akisema Dominus vobiscum, "Bwana awe nanyi", yeye anajibu Et cum spiritu tuo. Alilijibu miaka mingi kabla ya kujua anasema nini: "na pamoja na roho yako". Hiyo "et" ndiyo "na" yetu, na Wafaransa wanayo mpaka leo. Kwa hiyo et al. ni et alii, "na wengine". Kitabu kikiwa na waandishi watano, anatajwa wa kwanza, wengine wanafunikwa kwa et al. Nukta inakaa baada ya "al" peke yake, maana "et" ni neno zima, halijakatwa popote. Kwenye kazi yako umeweka nukta hata baada ya "et".

Ndugu yake ni etc., et cetera, "na mengine yaliyobaki". Hiyo ni ya vitu. Kuwaandikia watu etc. kunakaribia kuwadharau. Na kwa kuwa "na" imo ndani, usiiongezee "na" nyingine ya Kiingereza mbele yake. Ni kosa lile lile la wanaoandika "na n.k." hapa kwetu, hata kwenye barua za ofisi. Linanikera, mama yako anajua.

Kuna moja itakayokunasa kwa sababu umetoka kwenye Kifaransa: cf. Walimu wako wa hapa walikuwa wanaandika "cf. ukurasa wa 12" na maana yake ilikuwa "tazama". Lakini confer ni "linganisha", na Waingereza walio makini huiweka pale tu wanapotaka msomaji apime mambo mawili, mara nyingi yanayopingana. Ukitaka kusema tazama, andika tazama kwa Kiingereza chao, basi. Ibid. ni "palepale", kitabu kile kile nilichokitaja juu. Viz., nayo ni "yaani", uiache, hata wenyewe siku hizi wanaikwepa.

Utaniuliza kwa nini Waingereza wabebe lugha ya Waroma. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliandikiana kwa Kilatini, kila mmoja akazungumza cha kwao nyumbani, kama sisi na Mashi, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili. Newton, yule mwanasayansi, alikuwa Mwingereza, lakini kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 alikitoa kwa Kilatini. Lugha ikaondoka, vifupisho vikabaki kwenye karatasi.

Ila linalonifurahisha mimi ni saa. a.m. ni ante meridiem, kabla ya katikati ya mchana, p.m. ni post meridiem, baada yake. Waingereza wanatushangaa tukiita saa zao saba saa moja, kana kwamba tumepotea. Waambie Waroma walihesabu kama sisi, tangu jua linapochomoza. Adhuhuri kwao ilikuwa hora sexta, saa ya sita. Ndiyo maana kila Jumapili ya Matawi tunasikia kwamba giza liliingia saa sita mpaka saa tisa, na hakuna mtu Kadutu anayehitaji kufafanuliwa. Mwingereza lazima apige hesabu. Hata neno lao la adhuhuri, noon, limetoka kwenye nona, saa ya tisa, likateleza kidogo kidogo mpaka likatua saa sita.

Jihadhari tu na tiketi. 12:30 a.m. ni usiku wa manane, si mchana baada ya chakula. Mjomba wako alifika kituoni na sanduku lake, amevaa koti zuri, basi limekwisha kuondoka masaa kumi na mawili kabla.

Kazi irekebishe, umrudishie mwalimu. Na umuulize kwa adabu kwa nini alizungusha bila kueleza.

Papa yako

P.S. Hii nayo ni yao, post scriptum, "kilichoandikwa baadaye", na kweli nilikuwa nimeshakunja karatasi. Mama yako amempa jirani sambaza kavu za kukuletea. Basi lake litafika Jumamosi saa moja asubuhi, i.e. 7 a.m., kwa saa za Kampala, si za hapa. Ukienda kwa saa ya Bukavu utamkuta amekusubiri saa nzima.